Makucha Manne Matupu

Mtumbwi wa kutoka Alunguli, hapa Kindu, huvuka mto Lualaba kwa mshazari, kwa sababu maji ya pale hayakubali kukatwa moja kwa moja. Mpiga kasia huanzia juu ya mahali anapokusudia, kisha anauachia mto umshushe taratibu mpaka ng'ambo, upande wa Kasuku. Katika kuvuka huko abiria hana kazi ila kutazama, na macho yangu asubuhi ile yaliangukia mkono. Mama aliyeketi mbele yangu alikuwa amepakata beseni la sombe, mkono wa kushoto umeshika ubavu wa mtumbwi, na kwenye kidole cha pete palikuwa na pete ya njano iliyokwaruzika. Juu yake yalichomoza makucha manne membamba, yameinamia katikati, na katikati hapakuwa na kitu. Pale jiwe lilipokuwa limekaa palijaa weusi wa majivu na mafuta ya mawese. Aliona ninatazama, na hakuuficha mkono. “Jiwe ilienda na mayi, baba,” aliniambia. “Lakini pete iko, na ule alinivalisha iko.” Waliokuwa karibu wakaitikia kwa furaha, mmoja akamwombea maisha marefu huyo aliyemvalisha, na mtumbwi ukaendelea kushuka.

Liwe jiwe lile lilikuwa almasi, liwe lilikuwa kioo cha kununuliwa sokoni, jambo ni lile lile: lililosifiwa siku ya harusi ndilo lililoondoka, na lililobaki ni lile ambalo hakuna aliyelitazama. Tangu siku ile nikiona pete siangalii kwanza jiwe. Naangalia limeshikwa na nini. Wachumba wanaoingia dukani, awe sonara wa Kisangani, wa Lubumbashi au wa Dar es Salaam, huuliza ukubwa wa jiwe, weupe wake na bei yake. Mara chache huuliza linakaaje mahali pake. Wahenga walitutahadharisha tusione vyaelea, vimeundwa, na kwenye pete kilichoundwa ni kile kipande kidogo cha dhahabu ambacho fundi alikichonga, akakikunja, akakisugua mpaka kikanyamaza. Jiwe halikujishika lenyewe hata siku moja.

Na almasi, pamoja na sifa zake zote, inahitaji kushikwa kwa uangalifu kuliko watu wanavyodhani. Katika kipimo cha ugumu wa madini imepewa 10, cheo cha juu kabisa. Hakuna jiwe la asili linaloweza kuikwaruza ila almasi mwenzake. Lakini kutokwaruzika ni jambo moja na kutovunjika ni jambo lingine. Ndani ya almasi kuna njia nne ambazo kwazo hupasuka kwa urahisi, na wakataji wa zamani walizijua njia hizo vizuri: waliweka ubapa wa chuma mahali panapostahili, wakapiga pigo moja, na jiwe lililokuwa limekaa ardhini tangu kabla ya kuwapo mnyama yeyote likagawanyika vipande viwili laini. Pigo la namna hiyo linaweza kutoka popote. Mchi ukiteleza kwenye kinu, mlango wa gari ukifungwa kwa haraka, sufuria ya chuma ikigonga ukingo wa jiwe pale linapokuwa jembamba, kipande kitaruka. Jiwe lenye pembe kali, lile la mraba, liko hatarini zaidi pembeni kwake, ndiyo maana mafundi huifunika kila pembe kwa kucha lililokunjwa pande mbili. Mwenye kuchagua jiwe la mraba likakaa wazi amechagua uzuri wa pembe nne na hofu nne.

Makucha yenyewe yana historia yake. Zamani jiwe lilizungushiwa ukingo wa dhahabu pande zote, likazama humo na kuonyesha uso tu. Mwaka 1886 duka la Tiffany la New York lilitoa pete ambayo jiwe limenyanyuliwa juu kwa makucha sita, ili mwanga uingie kutoka kila upande, na tangu hapo dunia nzima imelipenda jiwe lililosimama hewani. Sikatai kwamba linapendeza. Almasi huishi kwa mwanga. Ukiifungulia pande zote huyarudishia macho yako kila kilichoingia. Lakini kila kucha ni ncha ya dhahabu isiyozidi punje ndogo, na punje hiyo inasuguliwa na nguo, na nywele, na mfuko, na kidole cha jirani yake, mwaka baada ya mwaka, mpaka inakuwa nyembamba bila mwenyewe kujua. Penye makucha sita, moja likikatika matano hushikilia mpaka ufike kwa fundi. Penye manne, moja likikatika jiwe tayari lina mlango. Mafundi wana njia ya kulijua hilo isiyohitaji mashine yoyote: huchukua kipande cha pamba na kukipitisha polepole juu ya makucha. Pamba ikipita safi, makucha yamelala. Ikibakisha uzi mmoja tu umenasa, kuna kucha lililoinuka. Kisha huishika pete karibu na sikio na kuigonga kwa kidole, na jiwe lililolegea hujisema lenyewe kwa mlio mdogo mkavu. Vitendo hivi viwili havichukui muda, na naamini kila mwenye pete anastahili kufundishwa siku ile ile anayovalishwa.

Chanda chema huvikwa pete. Methali hii imesemwa harusini mara nyingi mno, na kila inaposemwa watu hufikiria kidole laini, chenye hina, kilichopumzika juu ya paja. Mimi nikiwa Kindu naona vidole vingine. Naona kidole kinachochambua majani ya muhogo na kukamata mchi, kinachofua mtoni kwa sabuni ya vipande, kinachobana mpini wa baiskeli yenye mzigo wa mkaa, kinachohesabu franga zilizochakaa kwenye meza ya sokoni, kinachokamua mtoto kamasi. Kama hicho si chanda chema, basi wema umepotea njia. Na kama ndicho, pete iliyotengenezwa kwa ajili ya kidole kilichopumzika inakionea. Itanasa kwenye kitambaa, itakusanya ugali chini ya jiwe, itamkwaruza mtoto shavuni anapooshwa, na mwishowe itavuliwa na kuwekwa kwenye kopo juu ya kabati, isubiri sherehe. Pete inayokaa kwenye kopo imekwisha kuacha kazi yake. Kwa hiyo mtu akiniuliza achague kishikio gani, sianzii kwenye jiwe. Naanzia kwenye kazi ya mkono. Kwa mkono wa Kindu nasema ukingo mzima, wa chini, uliosukumwa juu ya jiwe mpaka ukalikumbatia bila pengo, usio na ncha ya kunasa. Mwanga utapungua kidogo. Jiwe litaonekana dogo kidogo. Lakini litakuwapo.

Yale mafuta ya mawese niliyoyaona kwenye pete tupu yamenikalia akilini kwa sababu nyingine. Almasi huchukia maji na hupenda mafuta. Huko migodini tabia hiyo imegeuzwa kuwa chombo: mchanga wenye mawe hupitishwa pamoja na maji juu ya meza iliyopakwa grisi, mawe ya kawaida husombwa, almasi hunata. Kidoleni tabia hiyo hiyo ni msiba wa kila siku. Mafuta ya kupikia, mafuta ya kujipaka, sabuni, vyote hukimbilia nyuma ya jiwe na kuweka utando, na jiwe linalotakiwa kung'aa linakuwa kama jicho lenye usingizi. Linataka maji ya vuguvugu, sabuni kidogo na mswaki laini, mara kwa mara, maisha yote. Almasi haichukui chochote kutoka kwa mkono unaoivaa. Ukiivaa miaka 50, ukaivua, ukaiosha, ni ile ile ya siku ya kwanza. Hakuna alama ya kwamba uliishi.

Sasa iweke karibu na pembe ya ndovu ya Walega. Katika misitu ya Pangi, mashariki ya Kindu, watu wa chama cha bwami walikuwa na vinyago vidogo vya pembe ya ndovu vinavyoenea kiganjani, na aliyefika cheo cha juu, kindi, ndiye aliyekuwa na haki ya kuvishika vile vya thamani kuliko vyote. Havikupatikana kwa fedha peke yake. Mtu alipanda ngazi kwa miaka, kwa tabia, kwa kuungwa mkono na ukoo wake, na kila kinyago kilifuatana na methali zake zilizochezwa na kuimbwa. Vinyago hivyo vilipakwa mafuta na kusuguliwa, vikashikwa, vikapakwa tena. Mafuta yale yale ambayo huifunga almasi macho ndiyo yaliyoipa pembe rangi yake ya asali na ulaini wake. Mwenye kushika alikuwa akishika kwa zamu tu. Baada yake kilikwenda kwa mwingine, na mwingine alipokea pamoja nacho jasho la waliotangulia. Wabelgiji waliipiga bwami marufuku mwaka 1948, na vinyago vingi leo vimekaa kwenye makabati ya vioo ya makumbusho, Tervuren huko Ubelgiji na kwingineko, havipakwi na havishikwi. Nikivilinganisha vitu viwili hivi, jiwe lisilokubali kuguswa na wakati na pembe iliyolishwa na mikono, moyo wangu uko upande wa pembe, ingawa ndovu wenyewe wametulilia kwa sababu yake. Njia za Nyangwe na Kasongo, enzi za mfanyabiashara Hamed bin Muhammed, aliyeitwa Tippu Tip, zilibeba pembe mpaka Unguja juu ya mabega ya watu waliotekwa, na sehemu kubwa ya pembe ya Unguja ikaishia kuwa vibao vya piano katika miji midogo ya Connecticut, Marekani. Maniema, mkoa wetu, imejua mapema kwamba pambo la mtu wa mbali linaweza kulipiwa na shingo ya mtu wa karibu.

Ndiyo maana siwezi kuzungumza juu ya almasi kana kwamba inazaliwa dukani. Nchi hii ya Kongo imezitoa kwa wingi baada ya kupatikana Kasai mwaka 1907. Nyingi za Mbuji-Mayi ni zile za viwandani, za kukatia na kusagia, zisizofaa kidole. Lakini mwanzoni mwa miaka ya 1980, huko Mbuji-Mayi, mtoto wa kike aliyekuwa akicheza kwenye kifusi kilichotupwa na mgodi, karibu na nyumba ya mjomba wake, aliokota jiwe la njano la karati 890. Karati moja ni sehemu ya tano ya gramu. Jiwe lile lilikuwa na gramu 178. Wataalamu walikuwa wameshalipitisha na kulitupa. Lilipokatwa likatoa almasi ya karati 407.48, moja ya kubwa kabisa zilizopata kukatwa duniani, na wakaipa jina la kusema haina mfano. Jina la jiwe linajulikana na wauza vito wa dunia nzima. La mtoto halikuandikwa popote pa kukumbukwa. Almasi nyingi hukatwa Surat, India. Kwa muda mrefu nyingi zimeuzwa Antwerp. Kisangani, inayopokea maji haya haya ya kwetu baada ya Kindu na Ubundu, ilipigwa mabomu Juni 2000 na majeshi mawili ya kigeni, ya Rwanda na Uganda, na almasi ilikuwa moja ya sababu zilizowafikisha pale. Cheti cha Kimberley kilianza mwaka 2003 ili jiwe liwe na karatasi ya kueleza lilikotoka. Karatasi hiyo ni bora kuliko ukimya. Bado mchumba ana haki ya kuuliza zaidi ya karatasi, na kuuliza huko ni sehemu ya kuchagua, kama vile kupitisha pamba juu ya makucha.

Jambo moja la mto linanifariji. Almasi zilizosafirishwa na maji kwa muda mrefu kwa kawaida ni nzuri kuliko zile zilizobaki kwenye mwamba wake wa asili, kwa sababu zenye ufa zilivunjwa njiani. Mto ndio mkaguzi wa kwanza.

Kidole kimoja hakivunji chawa, na jiwe kubwa nalo linapenda wenzake. Vijiwe vya pembeni vina kazi ya kuongeza mwanga, lakini vina kazi nyingine isiyosemwa: vikichaguliwa vizuri vinalinda, vikichaguliwa vibaya vinakuwa wa kwanza kupotea. Kijiwe cha milimita moja kilichoshikwa na vipunje viwili vya dhahabu kinaweza kuanguka ukiwa unafua, na hutajua mpaka jua likipiga uone kitobo cheusi kwenye mstari. Vikipangwa ndani ya mfereji wenye kuta mbili vinakaa salama zaidi, ila kimoja kikitoka, vya jirani huanza kucheza. Kwa mkono wa kazi navipenda vile vilivyozamishwa kimoja kimoja ndani ya bapa la pete, uso wake sawa na uso wa dhahabu, visiwe vingi, vitatu kila upande vinatosha. Na kwa rangi tusisahau jirani zetu. Tanzanaiti ya Mererani, iliyojulikana mwaka 1967, ina buluu inayomfanya mtu anyamaze. Lakini ugumu wake hauvuki 7, na vumbi letu jekundu limejaa chembe za kwatzi zenye ugumu wa 7. Vumbi la barabara ya Kindu litausaga uso wake kidogo kidogo. Hiyo iwe ya hereni au ya mkufu. Zumaridi huja na nyufa zake za kuzaliwa. Malakiti ya Katanga, ya kijani yenye mawimbi, ambayo wauzaji wa Lubumbashi huichonga, ni laini mno kwa kidole, kati ya 3.5 na 4. Yakuti ndiyo rafiki wa almasi, nyekundu au samawi, ugumu wake ni 9, haina njia za kupasukia kama almasi, na bonde la Umba, kule Tanga, limetoa yakuti za rangi ambazo mtu hawezi kuzimaliza kuzitaja. Yakuti mbili ndogo kandokando ya almasi ndogo, zote zimezama ndani ya ukingo: pete kama hiyo ningeikabidhi kwa mkono wa kinu bila wasiwasi.

Na chuma chake? Maniema haina haja ya kuazima. Dhahabu ya Namoya, katika Kabambare, imechimbwa tangu enzi ya Wabelgiji, na ile ya wachimbaji wa karai inapita katika mikono ya wanunuzi wa Kindu kila juma. Dhahabu tupu ya karati 24 ni laini, kucha lake hufunguka kwa kugongwa tu; ya karati 18, yenye sehemu 18 za dhahabu na 6 za shaba na fedha, hushika na bado hukubali kukunjwa. Ningetaka kuona siku ambayo dhahabu ya Kabambare inakuwa pete mjini Kindu badala ya kuondoka ikiwa chembe ndani ya karatasi iliyokunjwa. Kailo, iliyotuzunguka, hutoa wolframu, na kutokana na wolframu dunia hutengeneza pete za wanaume, nyeusi, nzito, zisizokwaruzika. Zinavutia vijana. Lakini pete hiyo haipanuliwi wala haipunguzwi. Kidole kikivimba haikatwi kwa msumeno, huvunjwa kwa koleo. Kitu kisichoweza kurekebishwa kinatuhukumu tubaki tulivyokuwa siku tuliyokinunua, na hakuna ndoa iliyobaki hivyo.

Katika Uislamu, ulioletwa Maniema na misafara ile ile ya Kasongo na Nyangwe, hupokewa habari ya maskini aliyetaka kuoa, na Mtume akamwambia atafute mahari, hata kama ni pete ya chuma. Hata hiyo hakuipata, na akaozeshwa kwa ile Kurani aliyoihifadhi kifuani. Nimesikia habari hii ikitolewa Kindu mbele ya baba wa binti aliyekuwa na orodha ndefu, na orodha ikafupishwa. Sisemi pete ya almasi ni dhambi. Mwenye uwezo na aipambe nyumba yake. Nasema tu kwamba kipimo cha pete kiliwekwa chini kabisa, kwenye chuma, ili hakuna mtu azuiwe kuoa kwa sababu ya jiwe. Na kijana anayekopa kwa wanunuzi wa madini ili anunue kijiwe chenye makucha mazuri ameanza nyumba yake kwa kushikwa yeye.

Linalobaki ni fundi, na hapa ndipo uchaguzi unapokuwa mgumu kuliko rangi ya jiwe. Pete za kisasa zenye vijiwe mamia, makucha yake membamba yamechomelewa kwa leza, zinatoka viwandani na zinataka kiwanda zikiharibika. Fundi wa Kindu ana tupa, koleo, nyundo ndogo, moto wa mkaa na mrija wa kupulizia. Kwa vyombo hivyo anaweza kuusukuma tena ukingo uliofunguka, anaweza kuongeza dhahabu palipolika, anaweza kupanua pete kwa mwanamke aliyezaa watoto wanne. Ukichagua pete ambayo fundi wa mtaani kwako anaweza kuitengeneza, umechagua pete itakayovaliwa na bintiye bintiyo. Basi kijana mwenye nia asiende peke yake na kipande cha uzi mfukoni. Aende na mwenyewe, amwonyeshe fundi mkono unavyoshika ndoo na unavyoshika kisu, na kipimo kichukuliwe mchana, joto likiwa limepanda na vidole vimejaa, kwa maana kipimo cha asubuhi ya baridi huleta pete ndogo.